Kusafisha Maganda ya Risasi Hodge Hill

Watu wa kanisani kwetu hapa Hodge Hill, Uingereza, wakisikia kwamba nina bunduki huniangalia mara mbili. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, mtu mwembamba wa miwani, na nyumbani kwetu Kitale kazi ya kuchinja kuku ilikuwa ya dada yangu, kwa sababu kuku akinitazama tu nilikuwa namwachilia. Lakini bunduki ninayo, imefungiwa ndani ya kabati la chuma lililoshikizwa ukutani kwa boliti, na cheti chake ninacho. Afisa wa polisi aliyekuja kutukagua kabla sijapewa cheti alimwuliza mke wangu faraghani kama ana wasiwasi wowote kunihusu. Mke wangu akamwambia anao mwingi, kuhusu jinsi ninavyoendesha gari kwenye raundabauti na jinsi ninavyokunja nguo, ila wa bunduki hana. Afisa akamaliza chai yake akaenda.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni mfanyakazi mwenzangu, Mwingereza wa Sutton Coldfield ambaye kazi yake hospitalini ni kufunga watu plasta. Ni mtu asiyesema sana. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu kabla sijajua kwamba ana mke. Siku moja akiwa anakata plasta ya mgonjwa aliniuliza, bila kuinua macho, kama ningependa kwenda naye kwenye klabu yao ya kulenga shabaha, kwa kuwa ilikuwa siku ya wageni. Nilikubali kwa sababu nilidhani ningekosa adabu kumkatalia mtu aliyejitahidi kusema maneno mengi namna ile.

Shabaha yenyewe ni karatasi yenye miduara, imesimamishwa mbele ya tuta la udongo. Nilipopiga risasi yangu ya kwanza sikuona ilikokwenda, na kusema kweli hata leo mara nyingi sioni. Kilichonishika ni kitu kingine. Ukivuta komeo la bunduki nyuma, ganda la risasi linaruka nje, shaba ya manjano yenye shingo iliyoshika masizi, na ukiliokota lina joto kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Nikaona kila mtu anainama kutafuta ya kwake. Wazee wazima, wengine wana magoti ya bandia ambayo huenda mimi mwenyewe niliyauguza, walikuwa wanatambaa kwenye nyasi wakipapasa. Rafiki yangu wa plasta akanieleza kwamba ganda halitupwi. Unaling'oa kiwashio cha baruti kilichokwisha kazi pale kitakoni, unalisafisha, unalirudisha umbo lake, unalipunguza shingo kama imerefuka, kisha linajazwa upya na kupigwa tena, na tena.

Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo kopo la siagi lilikuwa kikombe, halafu pishi la kupimia maharagwe, halafu taa, na mwisho likapandwa maua. Alipomaliza kueleza nilikuwa nimeshanasa. Akanipa mfuko wa maganda yake ya zamani, machafu kama mabomba ya moshi, nijifunzie nyumbani.

Nilianzia jikoni. Niliyatia kwenye sufuria, nikaweka maji moto, sabuni ya vyombo, siki kidogo na ndimu, nikawa nakoroga kwa mwiko huku napiga mluzi. Mke wangu alirudi kutoka kazini, ambako anatunza wazee, akakuta sufuria lake la pilau limejaa vitu vya shaba. Aliyamwaga maganda kwenye beseni, akasugua sufuria, akalisuuza, akalisugua tena, kisha akalitoa nje likae juani, ingawa jua halikuwepo. Nilielewa.

Kwa hiyo mara ya pili nilitumia mashine ya kufulia. Niliyatia maganda ndani ya foronya, nikaifunga mdomo kwa kamba, nikachagua mzunguko wa nguo laini. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Ilipofika wakati wa kukamua, mashine ilianza kutoa sauti kama ya mtu anayeporomoka ngazini na sanduku la vijiko, na kwa kuwa sakafu yetu ina mteremko kidogo, ikaanza kutembea. Nilikuwa sebuleni. Nilipofika mlangoni mwa jikoni mashine ilikuwa imeshafika upande wa pili na kuuegemea mlango, hivyo haukufunguka. Binti yetu alishuka kutoka chumbani kwake, akasikiliza, akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hajibu nacho, kwamba mashine ya kufulia inataka kuhama na yeye haishangai. Nilizunguka nje nikaingilia dirishani, mguu mmoja ndani ya sinki. Mke wangu alipofika, nilikuwa bado nimekaa juu ya mashine ili itulie.

"Baba watoto," alisema, "vitu vyako vya bunduki vitoke jikoni kwangu. Leo."

Rafiki yangu wa plasta, nilipomsimulia, alimuunga mkono mke wangu kabisa. Masizi yale ya kiwashio yana risasi ndani yake, risasi ile ya madini, yenye sumu, na mtu mwenye akili hayaleti karibu na chakula. Niwe na glavu zangu, beseni langu, na mahali pangu nje. Halafu akaniambia kwamba yeye hatumii maji. Anatumia mashine ndogo ya kutikisa, kama bakuli lenye mota, na ndani yake anatia kitu kikavu cha kusugulia. Nikamwuliza kitu gani. Akasema jina lake. Nikamwomba arudie. Ni magunzi ya mahindi, yaliyosagwa.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kule kwetu magunzi ni kitu unachokanyaga. Tuliyawashia moto, tuliziba nayo chupa za mafuta ya taa, tulirushiana, na kulikuwa na matumizi mengine nyuma ya nyumba ambayo sitayataja hapa. Baada ya mavuno yalikuwa rundo linalomfikia mtu kifuani. Sasa nilikaa kwenye simu yangu hapa Hodge Hill nikilinganisha magunzi laini na magunzi ya chengachenga, nikisoma maoni ya wateja, na wiki hiyo hiyo gari lilisimama nje na kijana akaniomba niweke sahihi. Nikaweka sahihi kwamba nimepokea magunzi. Gunia lilikuwa na picha ya kasuku, kwa sababu wauzaji huuza kitu kile kile kwa watu wanaotandika vizimba vya ndege.

Nikahamia kwenye kibanda cha bustani. Mashine ya kutikisa nikaiweka juu ya benchi kuukuu, na pembeni yake nikafunga mtambo wa mkono wenye mpini mrefu, ule unaolibana ganda ndani ya kalibu ya chuma ili lirudi umbo lake. Kibanda kilikuwa kinavuja upande wa nyuma, na magunzi yakilowa hayana kazi. Basi gunia nikalimimina ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko, nikaificha chini ya ngazi ndani ya nyumba, karibu na ndoo nyeupe ya unga wa ugali. Nilijiambia kwamba chini ya ngazi si jikoni, na magunzi haya ni mapya, hayajagusana na ganda hata moja.

Mashine ile inalia siku nzima. Si kelele kubwa, ni mngurumo, kama nyuki waliojaa ndani ya debe. Jirani yetu wa upande wa kushoto ni baba mmoja kutoka mashariki ya Kongo, mtu mkubwa wa mwili, anayeimba sauti ya chini kabisa katika kwaya yao. Alifika Uingereza na mkewe na watoto baada ya miaka katika kambi ya wakimbizi. Tulikuwa tunasalimiana vizuri juu ya ua, tunapeana ndizi na viazi, lakini hatukuwa tumezoeana sana. Jumamosi moja alisimama pale uani kwake.

"Ndugu," aliniambia, "iko nini mu kile kibanda? Siku mingi minasikia kitu inalia."

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo ningepaswa kulifikiria tangu mwanzo. Huyu alikuwa mtu aliyekimbia risasi, na mimi nilikuwa nyuma ya ua wake nimevaa aproni ninasugua maganda ya risasi. Nilitaka kumwambia ni mashine ya kukausha pilipili. Lakini uongo haunitoki vizuri, uso wangu hunisaliti, kwa hiyo nikamwomba aje aone. Alizunguka, akaingia akiwa ameinama kwa ufupi wa mlango. Nilizima mashine, nikachota maganda kutoka kwenye magunzi, nikamwekea kiganjani. Yalikuwa yanang'aa.

Aliligeuza moja, akatazama kitakoni palipong'olewa kiwashio, akalipeleka puani. Nilianza kueleza habari za klabu, cheti, karatasi yenye miduara, maneno yakawa mengi na yote hayafai.

"Kwetu tulikuwa tunaokota hizi barabarani," alisema mwishowe. "Watoto walikuwa wanazifanya firimbi. Lakini sijaona mutu anaziogesha kama mutoto."

Akaweka mdomo wake kwenye ganda akapuliza, na likatoa sauti nyembamba, safi. Akacheka. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa bado sijui kama nina ruhusa. Nilimwuliza kama ingekuwa afadhali niache jambo hili, kwa kuwa ni jirani. Akasema hapana, risasi ambayo kazi yake ni kutoboa karatasi hiyo angependa iwe nyingi, na zile nyingine zote ziishe. Halafu akataka kujua ule mpini mrefu ni wa nini.

Nilimwonyesha, na aibu yangu ikaonekana. Ganda lisipopakwa mafuta sawasawa hukwama ndani ya kalibu, na langu lilikuwa limekwama tangu asubuhi. Kila nilipouvuta mpini, badala ya ganda kutoka, benchi zima liliinuka upande mmoja pamoja na mimi, kwa maana nilikuwa mwepesi kuliko kazi yenyewe. Jirani alilitazama benchi, akanitazama mimi, akageuka na kulikalia. Benchi lilitoa mlio, likatulia kama lililojengewa saruji. Nikavuta. Ganda likatoka kwa mshindo, nami nikaenda kukaa ndani ya ndoo ya maua. Tangu siku hiyo nikiwa na kazi ya kurudisha maganda umbo, nilikuwa namwita juu ya ua, naye anakuja na kikombe chake cha chai, anakaa kwenye benchi na kuimba polepole sehemu yake ya Jumapili huku mimi navuta. Mke wake alisema ndiyo mara ya kwanza mume wake kupata kazi ya kukaa.

Kisha mama yangu akaja kututembelea.

Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alifika kiangazi, na sanduku lililojaa mboga zilizokaushwa na sweta, na siku ya kwanza alikagua nyumba yote kuanzia paa. Aliridhika na karibu kila kitu. Hakuridhika na ukubwa wa shamba letu, yaani bustani, wala na majirani wa mbele ambao hawakuja kumsalimu. Habari ya kibanda nilimwambia kwa kifupi, kwamba nina mchezo wangu wa kulenga shabaha na kule ndani kuna vyombo vyake. Aliniuliza kama mchungaji anajua. Nikasema anajua. Akaliacha hapo.

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu yetu kupokea kikundi cha maombi cha nyumbani. Wageni hawakuwa wengi: mzee wa kanisa na mkewe, ambao ni Wakenya kama sisi, na tulikuwa tumemwalika jirani na mkewe vilevile. Mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi hospitalini. Mke wangu alikwenda kwenye maduka ya Balsall Heath kutafuta nyama ya mbuzi na sukuma wiki. Kabla ya kuondoka alimwomba mama apumzike, na mama akaitikia kwa sauti ile ya mtu asiyekusudia kupumzika. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba wageni wa mwanawe watakula ugali wa mkono wake.

Yaliyotokea niliyakusanya baadaye kutoka kwa kila mmoja. Mama alifungua chini ya ngazi akachukua ndoo ya kwanza aliyoikuta. Aliona kilichomo ni cha rangi ya kahawia na kina chengachenga, akadhani ni ule unga wa wagonjwa wa sukari ambao mke wangu hununua kwa sababu ya afya. Hakutaka kuuliza asije akaonekana mshamba. Alichemsha maji, akamwaga, akasonga. Haukushikana. Akaongeza. Haukushikana. Alisema alisonga mpaka mkono ukafa ganzi na bado ulikuwa mchanga ndani ya maji. Hapo akaifungua ndoo ya pili, akakuta unga mweupe tunaoujua, akauchanganya nusu kwa nusu, na ule mweupe ukashika mwenzake. Mke wangu aliporudi akauona ugali mkubwa wa kahawia umetulia kwenye sinia. Alidhani ni unga wa wimbi au wa mtama ambao mama amekuja nao kutoka nyumbani, na yeye pia hakutaka kuuliza, asije akamkosea mkwe wake. Akakaanga nyama.

Nilipofika wageni walikuwa wameshaanza kula, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakuna aliyekuwa anaongea. Kila mtu alikuwa anatafuna. Walitafuna kwa utaratibu, macho mbele, kama watu wanaopanda mlima. Mke wa mzee wa kanisa alimeza, akanywa maji, akasema huu ni ugali wa kienyeji hasa, siku hizi haupatikani. Mzee akasema unajaza. Binti yangu alikuwa amejitengenezea mkate na siagi, akanitazama kama mtu anayejua kitu lakini hajaulizwa.

Nilinawa, nikakaa, nikafinya tonge, nikachovya kwenye mchuzi, nikatia mdomoni. Ilikuwa kama kutafuna mswaki. Halafu harufu ikanipanda puani, ile harufu kavu, tamu kidogo, ya ghala baada ya mavuno. Nilikuwa naishi nayo kibandani kwa miezi. Niligeuka polepole nikatazama nje ya sebule. Mlango wa chini ya ngazi ulikuwa wazi.

Nilifikiria kunyamaza. Hakika nilifikiria. Sinia lilikuwa limefika katikati, na watu walikuwa na heshima ya kutosha kulimaliza. Lakini jirani yangu alikuwa anaongeza tonge la tatu kwa sababu mama alikuwa anamtazama, nami nikaona siwezi.

"Mama," nilisema, "unga huu umeutoa wapi?"

"Kwenye ndoo yenu. Kwani uko na shida?"

"Mama, ile ndoo si ya unga. Ni ya magunzi."

Watu waliacha kutafuna, lakini hakuna aliyemeza wala kutema. Mama aliniuliza magunzi gani. Nikamwambia ya mahindi, yamesagwa. Akauliza nani ameyasaga. Nikasema kampuni. Akauliza ni nani aliyeyaleta hapa nyumbani, nami nikasema nimeyanunua mimi. Alilipanga jambo hilo kichwani kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nilimwona akilikataa kila upande.

"Nimepanda ndege mbili," alisema, "nije nimwone mtoto wangu Ulaya. Namkuta ananunua magunzi."

Jirani ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitoka chini kama sauti yake ya kwaya, vikombe vikatetemeka mezani, na mkewe akajifunika uso kwa kitenge. Mzee wa kanisa, ambaye ni mtu wa kuelewa mambo kwanza kabla ya kucheka, aliomba aelezwe magunzi yanahitajika kwa kazi gani katika nyumba ya muuguzi. Kwa hiyo ikabidi nikieleze kikundi cha maombi, tonge bado liko shavuni, habari za maganda ya risasi, masizi, na mashine ya kutikisa. Nilirudia zaidi ya mara moja kwamba magunzi yale yalikuwa mapya na safi, kwamba yaliyotumika yako kibandani na hayaingii ndani kamwe. Mke wangu alikuwa ameshaleta gunia tupu kutoka chini ya ngazi. Akalisoma kwa sauti. Linafaa kwa vizimba vya kasuku, sungura na wanyama wengine wadogo. Mzee akauliza kama kasuku hula. Mke wangu akasoma zaidi, akasema hapana, wameandika mnyama asiachwe ale.

Hapo hata mzee alicheka. Nami kama muuguzi nikatoa maoni yangu ya kitaalamu, kwamba ni nyuzinyuzi tupu, wanywe maji mengi, na akitokea mtu wa kuumwa tumbo anipigie. Hakuna aliyeumwa. Siku mbili baadaye mke wa mzee alimpigia mke wangu simu, akaongea mambo mengine muda mrefu, kisha akashusha sauti akasema kwamba mume wake, ambaye choo kilikuwa kimemsumbua tangu wakati wa baridi, ameamka mtu mpya, na anauliza kama ule unga umebaki.

Mama hakuniongelesha Jumapili yote. Alimpigia dada yangu Kitale, na nilisikia kupitia ukuta neno magunzi likitamkwa kwa kila namna linavyoweza kutamkwa. Kwa mke wangu alikuwa mpole sana, kama mtu aliyempa mtu mwingine mzigo na sasa anamwonea huruma. Mke wangu akatumia nafasi hiyo vizuri. Ndoo ikahamia kibandani, na mimi nikapanda juu ya paa na turubali na misumari, kazi niliyokuwa naiahirisha mwaka mzima.

Katikati ya wiki mama alitoka bustanini akaja kusimama mlangoni mwa kibanda. Jirani alikuwa kwenye benchi, anaimba. Mama alimsalimu, akamtazama vizuri, akaniuliza kwa nini huyu baba wa watu nimemkalisha juu ya meza. Nikamweleza. Aliniomba nimwonyeshe kitu chenyewe, basi nikampa ganda lililokwisha kusafishwa na kupimwa. Alilishika kwenye mwanga. Alisema linapendeza, kama kitu cha kuweka chumvi. Halafu akasema kama ndiyo kazi ninayoifanya ninapokuwa na nafasi, basi anataka kuona mwisho wake, kwa maana mtu hawezi kusugua kitu namna hiyo kisha asijue kinakokwenda.

Wiki yake ya mwisho klabu ilikuwa na siku ya wageni. Tulimpitia rafiki yangu wa plasta Sutton Coldfield. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kofia, na juu ya kofia, tulipofika uwanjani, akavaa vile visikio vikubwa vya kuzuia mlio. Alikaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya mstari, mkoba mapajani, akanitazama nikipiga. Kila nilipopiga alisema jambo ambalo sikulisikia. Nilipomaliza aliniuliza ile karatasi ilinikosea nini. Kisha msimamizi wa uwanja, mtu wa ndevu nyeupe mwenye adabu nyingi, akamwuliza kama angependa kujaribu risasi moja.

Nilitegemea akatae. Akasimama, akanipa mkoba. Walimkalisha kwenye benchi, bunduki ikalazwa juu ya mifuko ya mchanga, rafiki yangu wa plasta akapiga goti upande mmoja na msimamizi upande mwingine, wakimweleza na mimi natafsiri. Aliposhika kitako cha bunduki vizuri akasema ngojeni. Akafumba macho, akaomba. Mama yangu akiomba haombi kwa haraka. Aliwaombea wenye uwanja, wasafiri, wagonjwa wangu wa mifupa, wajukuu wake na masomo yao. Mstari wote ulisimama kimya kumngojea, wazee wale wameweka bunduki zao chini, mmoja amevua kofia. Akasema amina, na rafiki yangu wa plasta, ambaye sijawahi kumsikia akitaja dini, naye akasema amina. Mama akafumbua jicho moja, akapiga.

Msimamizi alitazama kwa darubini kwenye karatasi ya mama. Haikuwa na tundu. Akaisogeza darubini kidogo, kisha akamwita bwana mmoja aliyekuwa nafasi ya pembeni aje aone. Katika karatasi ya bwana yule, katikati kabisa ya mduara wa ndani, kulikuwa na tundu moja zuri ambalo yeye hakulipiga.

Bwana yule alikuja kumpa mama mkono. Aliniomba nimwambie kwamba kwa miaka yote aliyokuja pale, hilo ndilo tundu bora kwenye karatasi yake, na kama mama haoni vibaya angependa kulihesabu kuwa lake. Nilitafsiri. Mama alimwambia alichukue, yeye ana safari. Halafu akamtazama jinsi alivyokonda, akaniambia nimwulize kama amekula. Alikuwa na kipande cha mkate chenye jibini. Mama alitikisa kichwa, akafungua mkoba, akatoa chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya aluminiamu, akaanza kugawa mstari mzima, yeye mbele na mimi nyuma yake nikitafsiri kwamba hizi ni za ngano.